Kikapu Kilichotafuna Kahawa

Mwalimu Bartholomayo Mwijage alitufundisha Kiingereza pale Izigo enzi za Mwingereza, na hadi leo sijaona mtu mzima anayefurahia kosa namna ile. Alilolipenda zaidi ni la sentensi inayoanza na kitendo bila kumtaja mtendaji, kitendo kikaangukia kitu kilicho karibu. Hakumchapa mtu kwa kosa hilo. Aliyeandika sentensi ya namna hiyo alisimama mbele akaiigiza kama ilivyo, kisha akaitengeneza.

Siku hiyo zamu ilikuwa ya Anatolia, jirani yangu wa dawati. Aliandika kwamba, baada ya kutafuna kahawa na kuwashukuru wenyeji, kikapu kilibebwa nyumbani. Kwetu mgeni hukaribishwa buni za kahawa azitafune; ilivyosomeka, aliyekaribishwa ni kikapu. Basi Anatolia akawa kikapu. Alichuchumaa, mikono juu ya kichwa ikiwa kishikio, akatafuna taratibu na kuwaaga wenyeji kwa adabu zote. Tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Ndipo tukamwona baba yake, Mzee Ndyamukama, mlangoni. Tulijua kilichomleta. Kahawa ilikuwa imeiva ikingoja wachumaji, na Jumapili pale kanisani alisema wazi kwamba msichana amesoma vya kutosha. Kicheko kikakatika. Anatolia alipiga magoti kumsalimu, machozi yakimlengalenga.

"Mwalimu," mzee aliuliza, "mwanangu amekosa nini hata umgeuze kikapu?"

Mwalimu, ambaye aibu hakuumbiwa, alimsogezea kiti, akamjibu kwa heshima ya Kihaya. "Anatengeneza sentensi, waitu. Anatolia, mweleze Tata, baba yako."

Anatolia alieleza kwa Kihaya. Alipofika kwenye kikapu alichuchumaa tena, akatafuna, akaaga. Kisha akasimama wima akaisoma sentensi mpya kwa Kiingereza, safari hii mgeni ndiye aliyetafuna. Mzee hakujua Kiingereza hata chembe. Alimtazama tu binti yake anavyosema mbele ya watu bila kuinamisha uso. Mabega yakaanza kumtikisika, halafu akaangua kicheko kikubwa kuliko vyetu vyote, nasi tukamfuata.

Alikaa mpaka kipindi kikaisha, akidai sentensi nyingine na nyingine. Alipoinuka, Mwalimu alimuuliza kwa upole kama anaondoka na Anatolia. Mimi nilishika dawati kwa mikono miwili.

"Kahawa nitachuma na mama yake," alisema mzee, akijifuta macho. "Na mwakani nakuletea mdogo wake, Kokugonza. Huyo, Mwalimu, hata kunyamaza hajui."