Na Bila Utani?

Mwanangu, kuna Jumamosi moja ninayoikumbuka kuliko siku yangu ya harusi. Nilikuwa msichana, nimetoka chuo cha ualimu karibuni, nafundisha shule ya msingi hapa Mfaranyaki. Walimu tulikuwa na kikundi chetu cha kusoma vitabu. Tulikutana darasani baada ya chakula cha mchana, tukabishana mpaka jua linapoa. Siku hiyo kitabu kilikuwa changu.

Nilikuwa nimekiandika kwa mkono, nikakipeleka stesheneri kikachapwa na kutolewa nakala, kila mwanakikundi na yake. Kilihusu binti wa chuo aliyekwenda kushindana kuimba kwenye televisheni. Majaji walimcheka, nchi nzima ikaona. Akarudi kwao Madaba. Mama yake hakumuuliza kitu; alimchemshia maji ya kuoga, akampelekea ndoo, akakaa nje ya bafu kumsubiri. Sehemu hiyo niliiandika nikilia, na hiyo ndiyo niliyotaka kusikia wameionaje.

Wakaanza wakubwa. Mmoja alisema amevichoka vitabu vya maisha ya chuo, kila kimoja kina bweni, mapenzi na mtihani wa kurudia. Mwingine akasema mashindano ya televisheni yanawafundisha watoto kuomba kura badala ya kufanya kazi. Sawa, hayo ni maoni, na mwandishi asiyetaka maoni amwandikie mama yake barua. Kisha akasimama Mwalimu Atilio, Mhehe wa Iringa. Unajua sisi Wangoni na Wahehe ni watani tangu vita vya mababu zetu. Anaweza kunisema lolote mchana kweupe, nami sina ruhusa ya kununa.

"Nimekisoma chote," alisema. "Majaji walipomcheka binti wa watu niliwaonea hasira. Nilipofika mwisho nikawaelewa. Mngoni, kalamu umeipata wapi? Irudishe, uende ukanywe ulanzi wako. Na hizi karatasi wape wauza dagaa wafungie."

Darasa zima likacheka. Nami nikacheka, maana ndivyo utani unavyotaka, nikamrudishia lile tunalowatania Wahehe siku zote, kwamba wanakula mbwa: nikamwambia Mhehe hawezi kukielewa kitabu kisichobweka. Wakacheka tena. Lakini waliofuata kusema hawakuwa watani zangu. Walijificha nyuma ya kicheko chake, wakayatoa ambayo wasingethubutu kuyasema peke yao. Nilitoka pale nimekenua meno, moyoni nimevunjika kabisa.

Nilikuwa nakaa na bibi yangu, mzaa baba. Alinisikiliza huku anachambua maharage, wala hakunipa pole.

"Huyo Mhehe umemfuata njiani?" aliniuliza.

"Nimfuate kufanya nini, Bibi?"

"Kumuuliza. Utani ni wa pale mbele za watu. Ukiisha, mtani anabaki mtu kama watu. Unamwambia, haya, na bila utani? Hapo ndipo anakwambia alichokiona. Wewe umelibeba la mchezoni, umekuja kulala nalo."

Kuuliza si ujinga, hilo nililijua tangu utoto. Lakini mtu aliyeumia ana kiburi chake, na mimi sikumfuata. Nakala yangu niliichana kidogo kidogo kuwashia kuni. Kitabu cha pili, ambacho nilikuwa nimeshakianza, sikukigusa tena. Mficha uchi hazai, mwanangu, nami niliuficha wangu vizuri sana.

Miaka ikaenda. Nikikutana na Atilio sokoni, ananipigia kelele kutoka mbali: "Mwandishi, majaji tunakusubiri!" Namjibu la mbwa, tunacheka, napita. Kila mara lilinichoma, na kila mara nilipita.

Mwaka juzi akafariki. Nilikwenda msibani kwake Mjimwema na kazi yangu ya mtani: kuzuia jeneza lisipite, kumwigiza marehemu, kuwafanya wafiwa wacheke kidogo katikati ya machozi. Kabla hatujatoka kwenda kuzika, mjane wake akanivuta pembeni.

"Dada, ndiye wewe wa kile kitabu?" aliniuliza. "Mtani wako alikuwa anatusomea pale mama anapochemsha maji. Mtoto akifeli, anasomewa pale. Siku nilipotoka hospitali, mimba imeharibika, alinisomea mimi. Namwambia, si umwambie mwenyewe? Anasema, yule namchokoza makusudi, aje na kitabu kingine anipige nacho."

Makaburini watu wakanisukuma mbele. "Mngoni, kazi yako hiyo." Nikasimama ukingoni mwa kaburi, nikatafuta neno la kumtania, nikalikosa. Nikasema tu kule chini, "Atilio, na bila utani?" Kisha nikalia kwa sauti. Watu wakacheka. Walidhani naigiza kilio, kwa kuwa ndivyo watani tunavyofanya, na kadiri nilivyolia ndivyo walivyozidi kucheka.

Tangu siku hiyo nimejaribu kuandika. Maneno hayaji. Yule msichana aliyekuwa nayo hayupo tena, na sitakudanganya kwamba atarudi.

Basi nisikilize, wewe unayeandika habari za chuo na kuwarushia watu kwenye simu, kisha unakaa unahesabu vikatuni vya kucheka. Watu wakiwa wengi, kila mmoja anasema linalowafurahisha wenzake. Kicheko kikiisha mfuate mmoja, hata yule aliyekuumiza kuliko wote, umuulize ameona nini. Akikuonyesha kosa, lirekebishe. Nawe ukiwa msomaji, ukikipenda kitabu cha mtu mwambie, hata awe mtani wako. Usimwachie mjane wako kazi hiyo.

Mungu akupe wasomaji watakaokuambia ukweli wangali na pumzi, na akujalie kuusikia wewe ungali na wino.