Mbu Ndani ya Wimbo wa Senge

Mtu wa redio alivua vile vikombe vya masikioni, akamtazama senge kwa huruma, akasema wimbo ni mzuri lakini una mbu.

"Mbu?" senge akauliza.

"Mbu mkubwa, mama. Anaanza kabla yenu na anamaliza baada yenu."

Senge ni dada wa baba yangu, na ndiye kiongozi wa kundi la akina mama wa Buhehe wanaoimba na kupiga ngoma. Redio ile ndogo ya mjini Busia ilikuwa inatafuta wimbo mpya wa kufungulia kipindi cha asubuhi, ule wa kuwaamsha watu wa pande zote mbili za mpaka. Yalibaki makundi mawili: la senge na la akina mama wa Tororo. Mtu wa redio akatupa hadi Ijumaa tulete wimbo usio na mbu. Tukishindwa, Busia itaamshwa na Tororo.

"Watu wa Tororo!" senge alirudia njia nzima, kama mtu aliyeambiwa jirani anahamia kitandani mwake. "Watuamshe sisi? Wao wenyewe wanaamka saa ngapi?"

Mbu alikuwa wangu. Wimbo ulirekodiwa chumbani kwangu, kwa kompyuta ya mezani ambayo niliinunua upande wa Kenya ikiwa imeshatumika na mtu mwingine, nikaivusha mpaka juu ya baiskeli, imefunikwa shuka kama mgonjwa. Kabla hujauliza, simu tulikuwa tumeijaribu: kila ngoma ilipolia, simu ilimeza sauti za waimbaji. Kuiweka kompyuta mbali pia tulikuwa tumejaribu, kwa waya mrefu wa kuazima. Waya ule ulinasa kituo cha redio cha Kenya, na katikati ya ubeti wa pili mwanamume akatutangazia dawa ya ng'ombe. Kwa hiyo ilibidi maiki ibaki karibu na kompyuta, na kompyuta ifunge mdomo.

Nilisomea fizikia chuo kikuu, na nilichotoka nacho kwa uhakika ni tabia ya kutoamini. Mhubiri akisema jambo, nataka kujua amejuaje. Senge akisema mvua itanyesha, naomba ushahidi. Senge anasema ndiyo maana sijaolewa. Namuuliza amejuaje kwamba hiyo ndiyo sababu.

Kila mtu aliniambia kelele ni ya feni, basi nikaanza kwa kuitetea feni. Nilifungua kompyuta ubavuni, nikaizuia feni kwa kalamu. Mbu akaendelea kuimba. Nikachukua bisibisi, ncha nikaigusisha kwenye diski, yaani kile kisanduku cha chuma kinachotunza kila kitu kinachorekodiwa, na mpini nikaubana sikioni. Nikamsikia: mmmmm. Na juu ya hiyo mmmmm, krr, krr, kama kuku anayechakura juu ya mabati.

Nikafungua skrubu, nikaiinua diski kwa mkono huku nyaya zake zikiwa bado zimeunganishwa. Mmmmm ikakatika. Nikairudisha mahali pake, mmmmm ikarudi. Nikaiinua tena. Kimya. Nilirudia jambo hilo mara nyingi kuliko sayansi ilivyohitaji, nikicheka peke yangu, mpaka senge akachungulia mlangoni.

"Unacheka na nani?"

"Na diski, senge."

"Haya," akasema, akaenda zake kuwaambia wengine.

Lakini nilikuwa na sababu ya kucheka. Diski yenyewe ni mpole. Ndani yake kuna sahani inayozunguka kwa kasi, na mtetemo wa sahani hiyo ni mdogo sana. Ila diski imekazwa kwenye bati, na bati linafanya kile ambacho ngozi ya ngoma inafanya. Bati linaipa meza mtetemo huo, meza inaipa maiki, maiki inaupeleka redioni. Sikuwa na haja ya kuinyamazisha diski. Nilitakiwa kuitenga na bati tu.

Nikakata tyubu ya zamani ya baiskeli vipande virefu, nikavipitisha huku na huku ndani ya kompyuta, nikailaza diski katikati ikining'inia bila kugusa chuma. Chini ya kompyuta nikaweka ngata za senge, ile miduara ya majani makavu anayoiweka kichwani anapobeba mtungi. Nikawasha. Mmmmm haikuwepo! Nilimwita senge, akaja, akasikiliza, akainama akachungulia.

"Imelala kama mtoto mgongoni," akasema. Kisha: "Halafu ngata zangu?"

"Senge, ni za muda."

"Za muda. Na maji nitabebea nini, fizikia?"

Kilichobaki ni krr, krr. Hiyo haikupita kwenye bati, ilipita hewani, na dawa yake ilikuwa kuifunika diski. Nilijaribu sponji ya godoro. Krr ikafa, lakini nilipoigusa diski niliondoa mkono haraka. Diski ikichemka sana huacha kazi, pengine moja kwa moja. Nilihitaji kitu cha kuzuia sauti bila kuleta joto. Nikazunguka uani nikigusa kila kitu: gunia, matofali, kuku mmoja ambaye hakupenda. Na pale nyuma ya jiko nikaligusa jani la mgomba. Baridi!

Nikawaza samaki. Samaki wanaotoka ziwani Majanji hufika sokoni wamefunikwa majani ya ndizi, jua linawaka juu yao, na ukiwashika bado wana ubaridi wa ziwa. Mpiga ngoma wa kundi, mama mnene mwenye mdomo usiopumzika, alinipitia pale nyuma ya jiko, nikamwambia nataka kuifunika diski kwa majani, akakubali kabisa. "Jani haina joto," akasema. "Mimi nakalia jani kila siku, nitakosa kujua?" Akaenda mwenyewe kunikatia majani mazuri mapana, akayababua kidogo juu ya moto yasipasuke, tukaifunga diski tabaka juu ya tabaka na kuikaza kwa kamba ya mgomba. Mtu anayemdai mhubiri ushahidi hakulidai jani hata swali moja.

Alhamisi mchana akina mama walikuja, wakapanga viti, wakavua viatu ili miguu isilete kelele. Nikawasha. Krr haikusikika. Mmmmm haikusikika. Kulikuwa na ukimya ambao chumba kile hakijawahi kuupata tangu kijengwe, na senge akaufungua wimbo kwa sauti iliyonisimamisha nywele. Ubeti wa kwanza, ubeti wa pili. Ngoma ikaingia. Katika ubeti wa tatu nikaona pua ya mpiga ngoma inacheza. Pua ya jirani yake nayo ikacheza. Waliendelea kuimba, lakini macho yalianza kutafuta.

"Nani amepika?" mpiga ngoma akauliza, mkono wake ukiendelea kupiga.

"Usiongee!" senge akamnong'oneza.

"Naongea kwa sababu nasikia njaa!"

Skrini ikaganda. Nikafungua ubavu wa kompyuta, na mvuke ukatoka, ndiyo, mvuke, pamoja na harufu tamu ya jani lililoiva. Wote tukalitazama lile furushi. Kila mtu mle chumbani, mimi nikiwemo, amekula maisha yake yote chakula kilichopikwa ndani ya majani ya ndizi, kikafunguliwa saa nyingi baadaye kikiwa bado kinaunguza ulimi. Jani linamtunza samaki baridi akiwa baridi. Kilicho moto linakitunza moto. Hilo tunalijua tangu tuko watoto, na hakuna hata mmoja aliyelikumbuka.

Senge akainama juu ya furushi. "Umeivisha wimbo wangu," akasema taratibu.

"Imeiva vizuri," mpiga ngoma akasema. "Ilete na karanga."

Basi kicheko kikatuangusha. Mama mmoja alitoka nje kwa magoti. Lakini senge hakucheka, na nilipomwona hacheki na mimi nikanyamaza. Kesho ilikuwa Ijumaa. Nilifungua kamba, nikaivua diski majani. Senge akachukua ungo wake wa kupepetea wimbi, akaanza kuipepea diski kwa nguvu kama jiko la mkaa, midomo imekazwa, bila kuniangalia. Wenzake wakapokezana ungo. Nilipowasha tena, diski ikasita, ikasema krr, ikaamka.

"Krr!" akina mama wakapiga vigelegele. Tulikuwa tunaichukia sauti hiyo wiki nzima.

Wimbo ulikuwa umepotea, lakini mashine ilikuwa hai na jua lilikuwa bado juu. Nikamwomba senge mfuniko wa sufuria ambayo haitumiki. Akanipa unaotumika. Nikaukata kwa mkasi wa bati, kipande nikakikaza kwenye tumbo la diski ili kilinyonye lile joto na kulitoa nje, kwa maana aluminiamu inapoa upesi. Hilo nililipima kwa kidole kwanza, kisha nikampa senge apime, kisha mpiga ngoma, kwa sababu sasa hakuna aliyemwamini mwenzake. Diski nikaining'iniza tena kwenye tyubu, uchi. Kompyuta nzima nikaizungushia ukuta wa trei za mayai, pande tatu tu na juu wazi, joto lipande zake na krr ibaki ikigongana na vishimo vya trei. Ngata chini. Tukasubiri. Niligusa: vuguvugu. Tukasubiri tena. Vuguvugu ile ile.

"Mko tayari?" nikauliza.

"Tulikuwa tayari kabla hujaanza kupika," senge akasema.

Waliimba mpaka mwisho. Nilikaa chini karibu na trei, kiganja kwenye aluminiamu, nikiwa na wazimu wa furaha ambao sikuthubutu kuutoa hata kwa pumzi.

Ijumaa mtu wa redio alisikiliza akiwa amefumba macho. Senge alisimama mbele yake ameshika mkoba kwa mikono miwili. Wimbo ukaisha, yeye akaendelea kusikiliza, akakunja uso.

"Kuna kitu," akasema.

Nikasogea karibu ili nami nisikie.

"Mbu hayupo. Hakuna chochote, ni safi kabisa. Lakini baada ya wimbo kuisha kuna mtu ananong'ona, 'Watu wa Tororo wataona.'"

Senge akatazama dari.

"Hapo nitakata," mtu wa redio akasema, akicheka. "Kipindi kinaanza Jumatatu."

Jumatatu ile senge aliiweka redio juu ya kinu katikati ya ua, na wimbo ulipoanza hakuimba pamoja nao. Alisikiliza, akasema yule wa sauti ya juu si yeye, labda wamemweka mtu mwingine. Nikamuuliza ana ushahidi gani.

Siku chache baadaye, tukiwa tunaanika wimbi, akina mama wa Tororo wakaingia uani na ngoma zao, wamevaa vizuri, wenye adabu nyingi. Walisalimia, wakapewa viti, wakaulizia watu wote wa nyumbani. Kisha mkubwa wao akasema wamesikia hapa kuna binti anayerekodi bila mbu, nao wana wimbo wa harusi.

Nikamtazama senge. Aliendelea kusawazisha wimbi kwa kiganja, polepole, na uso wake ulijaa ukarimu.

"Karibuni sana," akawaambia. Kisha akanigeukia: "Mwanangu, kata majani ya ndizi. Uwafungie vizuri."