Ezron Asiyemfokea Mtu

Ezron alijifunza ufundi Tunduma, akijenga maghala chini ya wasimamizi ambao salamu yao ya asubuhi ilikuwa tusi. Huko ndiko alikoapa kwamba siku akipewa watu wa kuongoza, hatamfokea hata mmoja. Mimi jirani yake hapa Ihanda, Mbozi, nashuhudia kwamba kiapo alikitimiza. Matatizo yetu yakaanzia hapo hapo.

Kikundi chetu cha wakulima wa kahawa kilimpa usimamizi wa kujenga vichanja vya kuanikia. Kahawa ilikuwa imeshaanza kuiva. Vichanja visipokamilika, tungeanika chini kwenye vumbi kama mwaka uliopita, na wanunuzi wangeikunjia pua tena. Kwa hiyo tulijitokeza wote, wanaume wakichimbia nguzo za mirunda, wanawake wakifunga nyavu kwa waya.

Ezron alikuwa mpole kupita kiasi. Ukikosea, alitabasamu tu: "Sawa, sawa, asante sana." Ila jioni mkishaondoka alibaki na plaizi yake, akafumua ulichofunga na kukifunga upya. Asubuhi unaikuta kazi yako si yako. Mama Angel, aliyekuwa amefunga kichanja kizima peke yake, hakukuta hata fundo lake moja. Alikitazama kwa muda, akaokota kitenge chake, akaenda zake.

Sasa sisi watu wa Mbozi tuna ugonjwa wetu: hatumwambii mtu mzima kwamba ametuudhi. Tunapata udhuru. Mmoja akapata mgeni, mwingine mguu ukaanza kumsumbua, na mimi nikauguza mbuzi mwenye afya tele. Chakula cha mchana tulimpelekea kwa heshima zote, lakini kazi hatukugusa. Naye, masikini, aliamini kila udhuru, hata akanipa pole ya mbuzi. Akajenga peke yake mpaka mgongo ukakataa kunyooka, huku kahawa ikizidi kuwa nyekundu mashambani. Nilimhurumia kwelikweli, na bado nikanyamaza.

Aliyevunja ukimya ni Mama Angel. Alimfuata pale kwenye vichanja, nami nimesimama na bakuli la maharage.

"Baba Lwitiko, bora ungenifokea," alimwambia Ezron. "Ukinifokea nitajua nimekosea wapi. Wewe mchana unanichekea, jioni unanifumua. Wenzangu wananionaje?"

Ezron alishika kiuno. Machozi yalimlengalenga.

"Nilidhani nawatunzia heshima," alisema.

"Basi niambie, nifumue mwenyewe."

Kesho yake tulirudi wote. Hata mbuzi wangu alipona ghafla. Ezron alishinda akisema mpaka sauti ikamkauka: hapa pamelegea, hapa vuta zaidi. Aibu ilimjaa usoni kila alipomkosoa mtu, na kila aliyekosolewa alifumua, akarudia. Tukamaliza mavuno yakiwa yameshatufikia.

Siku ya kumwaga kahawa ya kwanza, kichanja cha Mama Angel kikabonyea katikati, kahawa mbichi ikaanza kuporomokea hapo. Wote tukamgeukia Ezron. Alipiga hatua moja ya haraka, kisha akajizuia. Akainama, akaingia chini ya kichanja, akakiinua kwa mabega yake.

"Mama Angel," aliita kutoka huko chini, "nguzo ya kuongezea tuiweke wapi?"

Mama Angel alikizunguka kichanja chote bila haraka, akachagua mahali, akatuonyesha.