Asali Haionjwi Sebuleni

Ijumaa moja naikumbuka, mwanangu Rashidi, kuliko ninavyoikumbuka siku ya ndoa yangu mwenyewe. Ilikuwa Katesh, chini ya mlima Hanang. Upepo wa mlimani ulikuwa umeamka vibaya, vumbi linaingia mpaka kwenye chai, nami nimekaa kwenye sebule ya watu nimevaa kanzu ya kuazima, nangojea kuozeshwa mke ambaye nilitakiwa kumwacha kabla ya alasiri. Usicheke. Nakujua, unapenda kucheka mahali pa kulia.

Nakuandikia haya kwa sababu ya simu yako ya juzi. Uliniambia umemtumia Salma talaka ya pili kwa ujumbe wa simu, eti kwa sababu alikujibu mbele ya wageni, halafu hasira ilipoisha ukamrejea. Nikakuuliza, na ya tatu ikikuponyoka? Ukanijibu kwa raha zako kwamba umesikia kwenye klipu kuna mlango wa nyuma, "ile njia ya asali, baba mkubwa." Tangu siku hiyo sijalala vizuri. Mama yako mkubwa ananiuliza nina nini, namwambia ni presha. Nimemdanganya. Ninaogopa, Rashidi. Ninaogopa kwa ajili yako, na kwa ajili ya binti wa watu uliyemweka ndani.

Basi nisikilize taratibu.

Wakati huo nilikuwa mwalimu kijana, nimetoka kwetu Kondoa nikapangiwa shule ya msingi kule Masakta. Waislamu tulikuwa wachache huku, watumishi wa kuja na wafanyabiashara wa mnadani, tukijuana kama watu wa nyumba moja. Rafiki yangu wa kwanza alikuwa Hamisi, mwenye bucha Katesh. Mtu wa watu, mkarimu, ukinunua nyama kwake lazima akuongezee pande la juu. Ila ulimi hauna mfupa, na wake ulikuwa hauna hata lijamu. Mkewe Zaituni, binti wa pale pale Masakta, alikuwa ameshaachwa mara mbili na kurejewa. Ya kwanza ilitokana na ugali ulioungua. Ya pili, alichelewa kurudi kutoka msibani. Ya tatu Hamisi aliitamka mnadani, mbele ya wateja wake, kwa jambo ambalo baadaye hakuna aliyelikumbuka, hata yeye mwenyewe. Wahenga walisema chovya chovya humaliza buyu la asali. Rafiki yangu alichovya mpaka akagusa kitako cha buyu.

Zaituni akarudi kwa kaka yake Masakta, akakaa eda. Watoto wakabaki Katesh kwa baba yao. Yule mdogo akawa kila akisikia sauti ya mwanamke uani anakimbilia mlangoni, akiona si mama yake anarudi kukaa chini. Hamisi akakonda. Mfa maji haachi kutapatapa, na yeye akaanza kutafuta namna ya kumrudisha mkewe.

Namna yenyewe unaijua, au unadhani unaijua. Mwanamke aliyeachwa mara tatu harudi kwa mume wake mpaka aolewe na mwanamume mwingine ndoa ya kweli, na ndoa hiyo iishe yenyewe, kwa kifo au kwa talaka ambayo hakuna mtu aliyeipanga. Hamisi aliijua sheria hiyo nusunusu. Nusu iliyobaki aliletewa na baba yake, Mzee Salehe.

Mzee Salehe alikuwa Mbarabaig, mfugaji, aliyesilimu ukubwani, na sijaona mtu mwenye imani safi kama yake. Siku moja kwenye darsa alisikia hadithi ya mwanamke aliyeachwa mara tatu, akaolewa na mwingine, kisha akamwendea Mtume kutaka kurudi kwa wa kwanza. Akaambiwa hapana, mpaka aonje asali ya mume huyu mpya, na mume huyo aonje asali yake. Sasa huku Hanang, mwanangu, asali si kitu cha kupaka kwenye mkate. Wazee wakipatanisha koo mbili, wakimwombea binti anayeolewa, asali huwepo, na jambo lililoonjewa asali mbele ya wazee hakuna wa kulirudisha nyuma. Mzee Salehe aliposikia neno lile moyo wake ukatulia kabisa. Aliona Mtume amezungumza lugha ya kwao.

Akapanga kila kitu. Zaituni ataolewa na mtu mwenye adabu, asiye na makuu. Watu hao wawili wataletewa asali kwenye kibuyu, ataonja huyu na kuonja yule, mashahidi wakiona. Kisha bwana harusi atatamka talaka, Zaituni atakaa eda nyingine, na baada ya hapo atarudi kwa Hamisi na watoto. Na mtu mwenye adabu asiye na makuu, waliyemwona wao, alikuwa mimi.

Utaniuliza kama nilikubali. Sikukubali, wala sikukataa. Mzee Salehe alinifuata mpaka shuleni, akaniita mwanangu, akanieleza huku machozi yanamlengalenga kwa ajili ya wajukuu wake. Niliinamisha kichwa. Kwa wazee wa huku kijana akiinama kimya mbele ya mkubwa, ameshasema ndiyo.

Ndivyo nilivyojikuta kwenye ile sebule, nyumbani kwa Hamisi, baada ya swala ya Ijumaa. Kaka yake Zaituni yupo, ndiye walii, msimamizi wake. Mashahidi wapo. Kibuyu cha asali kiko mezani, kimefunikwa kitambaa cheupe. Hamisi hatulii, anatoka anaingia. Nilikuwa nawaza mambo ya ajabu: je, ikifika pa kutamka talaka ulimi ukigoma? Je, nikipata ajali njiani kesho, nitamwambia nini Mungu, kwamba nilioa kwa saa moja? Na Zaituni je, anajua kwamba mimi ni wa saa moja? Hilo la mwisho ndilo lililonitoa jasho, maana niligundua kwamba sikuwa nimemsikia mtu yeyote akitaja amesema nini.

Akaletwa Sheikh Idi kuja kufungisha ndoa. Alikuwa akiishi Jorodom, kwenye nyumba ambayo siku hizi haipo, tope lililoporomoka mlimani liliichukua. Mzee mwembamba, mkali, mwenye kikohozi cha baridi. Tukasimama wote. "Shikamoo sheikh." "Marahaba." Akakaa, akatazama kibuyu, akatazama kanzu yangu iliyonipwaya, akamtazama Hamisi aliyeganda mlangoni.

"Nani anaoa hapa?"

Mzee Salehe akamweleza, kwa furaha, bila kuficha hata kidogo. Mtu anayedhani anatenda mema hana cha kuficha. Kadiri alivyoendelea ndivyo uso wa sheikh ulivyozidi kubadilika.

"Mzee wangu," sheikh akasema alipomaliza, na sauti yake haikuwa ya ukali kama nilivyotegemea, "asali ya Mtume haimo kwenye kibuyu hiki. Ni kile kinachopita kati ya mume na mke mlango ukishafungwa, mwili na moyo. Aliyeuliza alikuwa mwanamke, na swali lenyewe la aibu, akajibiwa kwa neno tamu ili asifedheheke mbele za watu. Neno la chumbani hufunikwa shuka. Sasa ninyi mmebeba shuka mkaacha kitanda!"

Mzee Salehe polepole akanyoosha mkono, akakivuta kibuyu karibu na kifua chake. Namhurumia mpaka leo.

Ndipo sheikh akanigeukia. "Na wewe, mwalimu. Unafundisha watoto kusoma. Unajua Mtume amemfananisha na nini mtu anayeoa ili kumhalalishia mwenzake? Beberu la kuazima."

Rashidi, mtu wa mjini akiambiwa hivyo hasikii kitu. Ila huku watu wanafuga. Kila mmoja pale sebuleni alishawahi kwenda kwa jirani na kamba mkononi kuazima beberu, na anajua likishamaliza kazi linarudishwa kwao bila hata kunyweshwa maji. Hakuna aliyecheka. Nilitamani sakafu inimeze.

"Isitoshe," sheikh akaendelea, "hakuambiwa mwanamume peke yake aonje. Aliambiwa mwanamke: wewe uonje yake, naye aonje yako. Wawili. Ndoa aliyoitaka ni ya watu wawili wanaopeana, wakakaa wakitegemea kuzeeka pamoja." Akakohoa kwa muda. "Tena yule mwanamke alikwenda mwenyewe kuuliza. Kuna aliyetaka anyamazishwe, Mtume akatabasamu tu, akamsikiliza. Huyu wenu yuko wapi?"

Kaka mtu akasema yuko jikoni na watoto.

Aliitwa. Akasimama kwenye mlango wa uani, ushungi umeshuka mpaka kwenye nyusi, yule mtoto mdogo amemng'ang'ania mguuni. Akatusalimia kwa heshima zote. Sheikh akamuuliza kama anajua ameitiwa nini.

"Niliambiwa nije, mambo yangu yametengenezwa," akasema. "Basi. Sikuambiwa ni mambo gani."

Sheikh akamweleza, kwa maneno ya stara, kila kitu, pamoja na maana ya ile asali. Kisha akamwambia, "Mwanangu, mimi nataka kukusikia wewe."

Zaituni akainama, akampapasa mtoto kichwani. Hamisi alikuwa amesogea, macho yamemtoka, anamwomba kwa macho aseme anataka kurudi hata kama njia haijapatikana. Na mimi, nisikufiche, niliomba vivyo hivyo, kwa ajili ya mtoto yule.

"Sheikh," akasema, anatazama chini, "kama asali ndiyo hiyo, ya watu wawili, basi mimi hata kwa Hamisi sijaionja. Nimemzalia watoto. Kila usiku nilikuwa nalala naogopa kesho nitaachwa kwa kosa gani. Mtu anayeogopa haonji kitu."

Akamnyanyua mtoto, akarudi jikoni.

Mwanangu, nimeshazika watu. Nilikuwepo wakati mlima ulipoporomosha tope, nikaona mambo ambayo siyasimulii. Lakini maneno yale ya Zaituni ndiyo ninayoyasikia mpaka leo. Hamisi alikaa chini pale pale mlangoni, hakutafuta kiti. Sheikh hakumsema. Aliomba dua fupi, akachukua fimbo yake, akaondoka, na ndoa haikufungwa.

Zaituni hakurudi. Alilima mbaazi na alizeti kwa kaka yake, watoto wakawa wanakwenda kwake na kurudi, na baadaye akaolewa na mtu mpole wa Mbulu, ndoa ya kweli, ambayo mpaka sasa ipo. Hamisi naye alioa, na nasikia ulimi aliufunga. Lakini kwa miaka mingi alikuwa akija kwangu, tunakunywa chai, tunazungumza bei ya ng'ombe, na anapotaka kuondoka anasimama, ananiuliza jambo lile lile: "Mwalimu, kwa nini hakuwahi kuniambia?" Nami namjibu, "Ulimuuliza lini?"

Sasa nasaha yangu ni hii, na nitaisema wazi kwa sababu mficha uchi hazai.

Mlango wa asali unaousikia kwenye klipu haupo. Aliyekuambia upo ameshika neno ameacha maana. Maneno ya Mtume juu ya chumba cha mume na mke yamevishwa nguo kwa ajili ya haya, na ukitaka kujua yaliyo ndani, muulize mwenye elimu aliye na sura na nyumba, ambaye ukipotea utamkuta. Kuuliza si ujinga. Na ujue kwamba ile ya tatu iliwekwa iwe nzito makusudi, ili mwanamume aiogope. Wewe huiogopi, ndiyo maana naogopa mimi kwa niaba yako.

Heri kujikwaa dole kuliko ulimi, na siku hizi kidole chenyewe kimekuwa ulimi. Hasira ikikupanda, simu iweke mbali, toka nje, tembea, mwombe Mungu, rudi ukiwa mtu.

Lakini hata ukiizuia ya tatu mpaka uzee wako, hujamaliza kazi. Unaweza kukaa na mke miaka yote, mna watoto, sahani haivunjiki, na bado mke huyo asipate usingizi wa amani. Ndoa kama hiyo ina karatasi tu. Leo ukifika nyumbani, muulize Salma kama anakuogopa. Usimuulize kwa ujumbe. Akisema hapana haraka haraka, usimwamini, subiri. Akisema ndiyo, usijitetee, usimkumbushe mema yako. Mzee Salehe alikosea kwa kutojua, na alikuwa mtu mwema. Sisi wengine hatuna hata udhuru huo.

Mungu akuhifadhi, mwanangu. Auzibe mdomo wako wakati wa ghadhabu na aufungue wakati wa kuomba msamaha. Awape wewe na Salma usingizi wa watu wasioogopana, na akujaalie, siku Salma atakapopata ujasiri wa kukujibu, akukute umekaa chini unamsikiliza.