Mto Uliojaa Kwenye Daftari

Ofisini walimwita Mama Kadi, kwa sababu kwa miaka ishirini na mitatu kazi yake ilikuwa moja: kupokea kadi za vipimo vya mito kutoka wilayani na kuzinakili kwenye daftari kubwa, kina cha maji kwa sentimita, siku baada ya siku. Wageni wa idara walioneshwa mwandiko wake.

Kadi isipofika, alikuwa na dawa yake. Bosi wake wa kwanza, sasa marehemu, alimfundisha: chukua mwezi uliotangulia, chukua mwezi kama huo wa mwaka jana, jumlisha, gawa kwa mbili, jaza. Pengo kwenye daftari, alisema, ni aibu ya idara. Basi akawa anajaza. Msoma kipimo wa mto mmoja wa kaskazini alifariki miaka tisa iliyopita na hakuajiriwa mwingine. Mto ukaendelea kupimwa na Mama Kadi, akiwa kitini. Dereva wa idara, mtu wa maneno mengi, aliwahi kumtania kwamba mito yake haijui kiangazi. Alicheka kidogo, akaendelea kuandika.

Maana alijua. Mdogo wake aliolewa huko huko, kando ya mto huo, na huu ulikuwa mwaka wa tatu akimsimulia kwenye simu wanavyofukua mchanga kutafuta maji, na jinsi kitinda mimba wake alivyoharisha wiki mbili mfululizo. Mama Kadi alisikiliza, akampa pole, na asubuhi akajaza sentimita themanini na nne. Mkono ukishazoea hauulizi.

Kisha kikaitishwa kikao cha kupanga tathmini ya taifa ya matatizo ya maji. Wataalamu na vifaa vilitosha mabonde kumi na mawili tu kati ya arobaini. Bonde litakalopimwa ndilo litakalochimbiwa visima. Kijana aliyepewa kazi ya kupanga orodha alitundika jedwali ukutani, kuanzia mto ulio hoi zaidi. Mto wa kaskazini ulikuwa wa thelathini na nane.

"Huu tuuache," alisema. "Takwimu zake hazina hata pengo moja. Miaka tisa haujapungua."

Mama Kadi alikuwa pembeni, akiandika kumbukumbu za kikao. Alikuwa amebakiza miezi saba kustaafu. Aliweka kalamu chini.

"Samahani, Mkurugenzi. Hizo namba ni zangu."

Mkurugenzi alidhani anataka kupongezwa, akamwambia idara inamshukuru. Ikabidi arudie polepole, kama mtu anayetaja ugonjwa wa aibu: hakuna msoma kipimo kule, namba zote amezitunga yeye. Kijana akauliza ni mito mingapi mingine. Akasema saba, anayoikumbuka.

Mkurugenzi hakufoka. Angefoka, ingekuwa nafuu. Alivua miwani, akaagiza mito yote minane ifutwe kwenye jedwali. Mama Kadi akashusha pumzi, akauliza mto wa kaskazini sasa utakuwa wa ngapi.

"Hauna nafasi, mama," alisema kijana, na huruma yake ilikuwa ya kweli. "Tunapanga kwa takwimu. Usio na takwimu tutauweka wapi? Labda tathmini ijayo."

Ijayo ilikuwa baada ya miaka kumi.

Saa nane mchana alikabidhiwa barua ya kusimamishwa kazi. Alikaa kwenye ngazi za ofisi, akampigia mdogo wake, akamweleza yote, pamoja na zile themanini na nne. Upande wa pili zilisikika ndoo zikigongana.

"Kwa hiyo, dada, miaka yote hiyo sisi tulikuwa na maji."

"Kwenye daftari."

"Na sasa?"

"Sasa hampo kabisa."

Mdogo wake hakumlaumu. Alisema foleni ya shimoni imemfikia, asipoinama sasa hivi atarukwa, akakata simu.