Tumbo la Wifi Agnesi

Mwanangu, asubuhi ile kijijini kwetu Kasansa bado inanishtua. Tulitoka nyumbani tukicheka, tukarudi bila mmoja wetu na bila neno.

Nilikuwa msichana. Kaka yangu Piusi alimuoa Agnesi, na misimu ya mpunga ikapita bila mtoto. Kila kulipokucha Agnesi alipiga magoti kumwamkia mama, na mama, kabla ya kuitikia, alimtazama tumbo.

“Vipi, bado?”

“Bado, mama.”

Hayo ndiyo yalikuwa maamkizi yao. Mama aliuliza kwa kucheka, hivyo hakuna aliyeona ubaya.

Ila niliona Agnesi anaacha kula. Anamega ugali, anauchezea, anasema ameshiba. Baadaye, tukipepeta, anajaza mchele mbichi mdomoni na kuutafuna. Kwenye pindo la kanga alifunga udongo, ule wa kula unaouzwa sokoni. Akaanza kutapika. Tumbo likajaa, likawa gumu. Na wewe unajua wanawake wa kwetu wakiona mchele mbichi, udongo na matapishi wanafikiri nini.

“Mama Piusi, tafuta mbeleko!” jirani akapaza sauti. “Huyo anatafuna kama panya wa ghalani!”

Mama akapiga vigelegele. Agnesi akainama, nadhani hata yeye alitamani iwe kweli.

Basi asubuhi ile tukampeleka kituo cha afya aanze kliniki: mama, shangazi yangu na mimi. Daktari alimpima, akarudia, kisha akatuita.

“Hapa hakuna mimba, mama. Tumbo limejaa gesi, na nahofia vidonda vya tumbo. Damu imepungua. Huyu ana mawazo mengi na hali chakula.”

Mama akashika ukuta. “Hamna? Na tumbo lote hili?”

Kabla hajajibiwa, Agnesi alitapika pale pale sakafuni, damu nyeusi kama masizi. Mtu tuliyemshangilia alikuwa anakufa mbele ya macho yetu!

Wakamkimbiza ndani. Shangazi akamgeukia mama, akasema polepole, “Wifi, kila siku unauliza tumbo la huyu mtoto lina nini. Umewahi kuuliza kama lina chakula?”



Agnesi alilazwa, akatibiwa, akapona. Daktari alituambia hofu ya kila siku ilimvuruga tumbo, hamu ya kula ikaisha, gesi ikajaa. Njaa na udongo vikazidisha. Aliporudi, mama alimpikia uji wa ulezi, akamwekea na mtindi, akakaa naye mpaka amalize.

Najua unataka kuniuliza kama baadaye alizaa. Mwanangu, swali hilo ndilo lililomlaza hospitali.

Ukiwa na jambo zito, mwambie mtu unayemwamini, na usiache kula. Kula kidogo kidogo kwa wakati wake: uji, mboga za majani, maharage yaliyoiva vizuri, papai. Udongo na mchele mbichi si chakula. Ukitapika damu au choo kikiwa cheusi, usihangaike na mizizi, kimbia hospitali. Na ukija kupata mkwe, mtazame usoni kwanza.

Mungu akujalie nyumba ambamo utakaa chini bila hofu, ule, ushibe, na chakula kikae mwilini.