Bata Aliyemshinda Mama

Wimbo ule niliusikia juzi nikiwa jikoni nasonga ugali. Ulitoka sebuleni, kwenye televisheni ya watoto: kwa-kwa-kwaa, bata wanaimba, vinanda vinalia nyuma yao. Nilikwenda na mwiko mkononi, nikasimama nikaitazama katuni ile mpaka mwisho, kisha nikaizima. Kitinda mimba wangu akaangua kilio. Mkubwa akauliza, "Mama, katuni ya watoto imekukosea nini?" Banange! Ketini niwaambie, na nyinyi mnaosoma ketini pia, maana kinyaa hiki nimekibeba tangu nikiwa na meno ya utoto.

Tulikuwa Wakenya tulioishi ugenini, ng'ambo ya mpaka, mtaa wa Kalerwe. Mama aliuza nyanya sokoni, baba alikuwa seremala wa vitanda. Vita vya nchi ile vilikuwa vimekwisha, na kila mtaa ulikuwa unachagua mwenyekiti wake kwa mtindo mpya: hakuna karatasi, hakuna sanduku. Unakwenda kusimama nyuma ya mtu unayemtaka, mchana kweupe, jirani yako anakuona na mkeo anakuona. Mama aligombea. Alitaka jambo moja tu, mtaro uchimbwe mpaka mwisho, kwa sababu kila mvua ikinyesha maji machafu yaliingia ndani na tulilala juu ya meza ndefu ambazo baba alirandia mbao. Alikuwa amewakusanya wanawake wa sokoni wakachimba nusu yake, na wanaume walisema watashika majembe siku mwenyekiti atakapowaamuru. Basi, akasema, nitakuwa mimi huyo mwenyekiti.

Mshindani wake alikuwa Mzee Lubowa, mwenye kibanda cha video, ambaye jembe la mtaro hakuwahi kuligusa hata kwa bahati mbaya. Wala hakupiga kampeni. Jumamosi kabla ya uchaguzi alitangaza katuni ya familia nzima, bure, na nani Kalerwe atakataa cha bure? Tulijazana kwenye mabenchi, jasho, moshi wa jenereta na karanga za kukaanga vikichanganyika mpaka macho yakawasha. Mbele, karibu na runinga, alikaa Musa na kipaza sauti chake. Kazi yake ilikuwa kutafsiri filamu za Kizungu papo hapo, na kwa kuwa kibanda kilijaa Wakongo, Wanubi na sisi, alitafsiri kwa Kiswahili, kile chake.

Katika katuni ile, bata jike alivishwa taji mumewe aliposafiri. Alifanya kazi vizuri mno: bwawa likawa safi, chakula kikatosha. Lakini siku moja, akiwa barazani na wazee, mwewe akashuka akamnyakua kifaranga wake mdogo kuliko wote. Kibanda kizima kililia "Ooo!" Mdogo wangu Omondi alilia kwa kwikwi. Nilimwona baba akijifuta macho kwa mkono wa shati. Kisha dume akarudi, akaenda kuoga kwanza, akatoka anang'aa. Jike akavua taji akampa, akarudi kulalia mayai, na wote wakaimba.

"Sasa mama bata nasikia haya," Musa akasema kwenye kipaza sauti. "Narudi nyumbani kuangaria watoto. Mambo ya kiti, wacha baba!"

Makofi, miluzi, vifijo. Nikamtazama mama. Alikuwa ameuma midomo.

Nje, watu walianza kubishana kabla hata hatujavaa viatu vizuri. Nnalongo, mama wa pacha aliyeuza ndizi jirani na meza yetu ya nyanya na aliyeapa kusimama nyuma ya mama, alimshika mkono. "Mama Akinyi, wewe iko muzuri sana. Lakini umeona ile bata? Hii watoto yako iko kidogo, nyabo."

"Na dume alikuwa wapi?" mama akauliza. "Mwewe anashuka, baba mtu yuko wapi?"

"Mwanaume ni mwanaume!" akadakia mchukuzi mmoja, na watu wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Baba akamvuta mama mkono. "Twende, mama. Ni katuni tu, ya watoto."

"Ingekuwa ya watoto," mama akasema, "Lubowa angesubiri kura zipite."

Nilimchukia Musa. Niliamini amehongwa atutilie maneno yake. Mama, aliyesoma Kizungu shuleni Kisumu, akaniambia, "Musa hajaongeza hata chumvi. Ndivyo inavyosema yenyewe." Sikumwamini mpaka juzi, na mwiko mkononi. Kweli, hakuongeza. Waliotengeneza takataka ile hata hawakujua kama Kalerwe ipo duniani, na bado walimfanyia Lubowa kampeni kuliko ambavyo angeweza mwenyewe. Na wameipaka rangi nzuri, wameitia vinanda! Mtcheew.

Siku ya kura tulikusanyika uwanjani kando ya soko. Mama aliposimama mahali pake, watoto wakaanza: "Kwa-kwa-kwaa!" Hakuna mzazi aliyewakanya. Nnalongo alipita mbele yetu macho yakiwa chini, akaenda kusimama nyuma ya Lubowa. Nikamshika Omondi mkono, tukakimbia tukasimama nyuma ya mama. Msimamizi akatutoa kwa kola. "Toka, toka. Watoto hawahesabiwi."

Ndipo nilipomwona baba. Alikuwa katikati ya mstari wa Lubowa, na shati alilopigiwa pasi na mama asubuhi ile, ameinamisha shingo ili urefu wake usionekane. Ulionekana.

Jioni mama alipakua ugali na dagaa kama kawaida, akamnawisha baba mikono. Baba hakumega. "Nilifanya hivyo kwa ajili ya watoto," akasema.

"Watoto walikuwa nyuma yangu, Baba Akinyi," mama akajibu. "Ni wewe ambaye sikukuona."

Lubowa alipata kiti, na mtaro haukuchimbwa. Mvua ziliendelea kutukuta, na baba aliendelea kutunyanyua mmoja mmoja na kutulaza juu ya meza zake, akitufunika kwa koti lake na kukesha ameketi majini.

Miaka mingi nilijiambia kwamba Lubowa alimpa kitu. Ingenifaa sana. Mtu aliyehongwa unaweza kumtukana, ukamaliza, ukamsamehe. Lakini baba hakupewa hata soda. Alimpenda mama, alitupenda sisi, na alilia machozi ya kweli kwa ajili ya kifaranga wa kuchorwa. Alikwenda kule kwa moyo mweupe, kutuokoa na mwewe. Hilo ndilo linalonitia kichefuchefu.